Asidi Isiyoshiba

Jumapili, 10 Novemba 2024

Ndizi za kuchemsha tena. Maharage ya kuchemsha. Mchicha wa kuchemsha. Mke wangu Evodia akigundua namna ya kuchemsha chumvi, ataichemsha.

Naishi hivi tangu Agosti. Nilipata kizunguzungu mbele ya Kidato cha Tatu nikiwa nachora ubaoni mnyororo wa asidi ya mafuta. Nilifika kaboni ya kumi na moja nikakaa sakafuni. Hospitali wakapima damu, wakasema mafuta yamezidi. Mimi, mwalimu wa kemia! Nimeelezwa habari za mafuta na daktari niliyewahi kumpa D darasani.

Nimejaribu kumwelewesha mke wangu kwa utaratibu. Kuna asidi za mafuta zilizoshiba na zisizoshiba. Zilizoshiba zimejaa hidrojeni, zimenyooka kama vijiti, zinapangana vizuri na kuganda. Hayo ndiyo mafuta ya nguruwe. Zisizoshiba zina kifungo maradufu, zimepinda kiunoni, hazipangani, kwa hiyo hubaki kimiminika. Mafuta ya senene, wale panzi wetu wa msimu wa mvua, mengi ni ya namna hiyo. Na mwili unazitaka hizo asidi: kwa kuta za seli, kwa ubongo, kwa nguvu za kutembea. Hivyo senene wa kukaanga ni dawa, na msimu ndio huu.

Evodia alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama kuna asidi isiyoshiba kunishinda mimi.

Alhamisi napimwa tena. Mafuta yasiposhuka, dada yake Kokubanza anatoka Izimbya kuja kukaa kwetu kusimamia chakula changu. Ni muuguzi mstaafu. Alitawala wodi ya wanaume mpaka wagonjwa wakawa wanaomba ruhusa ya kukohoa. Akiingia humu ndani sitaonja kitu cha kukaanga mpaka ufufuo.

Na siwezi kujidanganya. Nimekuwa nikipita kwa muuza nyama ya nguruwe pale njia panda. Mara chache. Mara nyingi kidogo.

Jumanne, 12 Novemba

Nimepata mtu!

Mwalimu Dastan wa Jiografia. Mwembamba kama mti wa kuegemezea mgomba. Kila siku saa nne asubuhi anakula mandazi mbele yangu ofisini, chai yake ina sukari mpaka kijiko kinasita kuzunguka, kisha soda, na jioni rubisi, pombe yetu ya ndizi. Suruali bado inamvuka. Evodia hunitolea mfano wake kila siku. Mwone Mwalimu Dastan. Nimeishi miaka mingi kwenye kivuli cha mtu asiye na kivuli.

Mpango ni huu. Twende wote Bukoba, atoe damu yeye kwa jina langu. Hapa karibu haiwezekani, maabara nzima nimeifundisha. Dastan alisema huo ni udanganyifu. Nikamwambia ni ushirikiano wa kitaaluma. Akauliza yeye anapata nini. Nikajitolea kumshikia zamu wiki ijayo: kuamka gizani, kengele, mstari wa asubuhi, ugali wa wanafunzi, vyote. Alinipa mkono kabla sijafika kwenye ugali.

Evodia nimemwambia kuwa mashine ya Bukoba ni mpya na haimwonei mtu haya. Alifurahi. Hawezi kunisindikiza, Alhamisi anachanja kuku.

Alhamisi, 14 Novemba

Imekwisha.

Maabara ni ya mtu binafsi, nyuma ya soko. Walipoita jina langu, Gozbert, tulisimama wote wawili. Nikajifanya nainama kufunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa kandambili. Dada wa mapokezi alinitazama kwa muda mrefu.

Kisha wakamwuliza Dastan umri. Yeye ana arobaini na moja, mimi hamsini na nne. Akasema hamsini na nne. Yule dada akamwangalia juu mpaka chini, akasema, "Umejitunza, baba." Dastan akaniangalia mimi. Hilo atalisimulia mpaka astaafu.

Namba ya simu tuliandika ya Evodia. Hilo ni wazo langu, na najivunia. Majibu aambiwe yeye mwenyewe. Akisikia kwa sikio lake hatabisha.

Jambo moja. Nilimwona mtaalamu akiinua kichupa cha damu kwenye dirisha, akakigeuza, akakiinua tena. Damu ilikuwa na rangi iliyofifia, kama mtu ameidondoshea maziwa. Nilidhani ni mwanga. Nilimwuliza Dastan kama alifunga kula kama tulivyokubaliana. Akaapa alifunga. Soda tu pale stendi, na soda si chakula.

Tulisherehekea kwa kuku wa kukaanga karibu na ziwa. Nimenawa kwa sabuni ya unga ili Evodia asinuse.

Jumamosi, 16 Novemba

Sijui nianzie wapi.

Nilikuwa nimekaa kibarazani nasubiri ushindi wangu. Evodia alikuwa bandani. Simu ikalia. Nikaona anasikiliza, anaitikia ndiyo daktari, ndiyo daktari. Kisha ndoo ya pumba ikamtoka mkononi, na kuku wote wakamkimbilia miguuni, naye hakuwafukuza.

Alikuja akakaa karibu yangu. Aliyepiga ni daktari wa pale maabara. Alisema damu ya mumewe waliiacha itulie ikajitenga, na juu ikakaa nyeupe kama maziwa. Mafuta hayo. Hajaona kiwango cha namna hiyo kwa muda mrefu. Alisema kongosho linaweza kuvimba wakati wowote na mtu akafa. Aliuliza kama mume bado anaweza kusimama.

Niliposikia nilielewa papo hapo kuwa si damu yangu. Nikafurahi sana, kwa muda mfupi. Kisha nikamkumbuka Dastan.

Nilipaswa kusema hapo hapo. Sentensi ilikuwa mdomoni. Lakini Evodia alinishika mkono. Hajanishika mkono nje ya nyumba tangu siku ya harusi. Akasema, "Baba Elieth, usiniache." Ukimwona Evodia analia ndipo utajua kwa nini nilinyamaza. Au ndipo hutajua. Mimi mwenyewe sijui.

Alitaka twende hospitali leo leo. Nikasema najisikia vizuri, twende Jumatatu, daktari bingwa atakuwepo. Akakubali kwa shingo upande, akampigia binti yetu Elieth aliyeko Mwanza, wakalia wote. Halafu akampigia Kokubanza.

Nimempigia Dastan mara nyingi. Hapatikani.

Jumapili, 17 Novemba

Kokubanza amefika kabla ya misa. Begi moja, mkoba wenye kipimo cha presha, hakuna salamu. Alinifunua kope, akanibonyeza tumbo, akasema anahisi kitu. Ilikuwa njaa. Nimepewa uji mwembamba bila sukari na bila maziwa. Natibiwa ugonjwa wa mtu mwingine.

Kanisani nimeombewa kwa jina. Waumini waligeuka kunitazama kwa upole ambao sijawahi kuupata nikiwa mzima. Tulipotoka jirani alileta mkungu wa ndizi, akauweka ukutani kimya kimya, kama wanavyoleta kwenye msiba.

Mchana nikasema nataka kuwaaga watu wachache. Evodia akalia tena. Nikaondoka kama mwizi, nikakata katikati ya mibuni mpaka kwa Dastan.

Nilimkuta kibarazani na mkewe Benigna, kibuyu cha rubisi kati yao. Simu yake iliharibika tangu juzi. Alinikaribisha kwa furaha, akaanza kumsimulia Benigna jinsi alivyojitunza, lakini hakusema aliambiwa wapi. Nikaketi. Nikaanza kwa mbali. Nikasema, "Mwalimu, punguza sukari. Na hiyo pombe."

Akacheka. Nikamweleza kuhusu ini. Ini likipokea sukari kupita mahitaji, na pombe juu yake, halitupi kitu. Linageuza ziada kuwa asidi za mafuta, linazifunga tatu tatu kwenye gliseroli moja, ndiyo trigliseridi, kisha linazisukuma kwenye damu. Mtu anaweza kujaa mafuta bila kulamba mafuta. Tena bila kitambi. Dastan akasema huo ni wivu, na kwamba wanene wote hugeuka wahubiri. Benigna akacheka mpaka akafuta machozi.

Kisha akauliza kwa sauti ya chini majibu yetu yamesemaje.

Hapo ndipo. Nilikuwa na nafasi. Lakini Benigna alikuwa amegeuza sikio, na Benigna na Evodia wako kikundi kimoja cha ushonaji. Angejua yeye, Evodia angejua kabla sijavuka bonde. Nikasema majibu hayajatoka.

Hivyo ndivyo nilivyosema. Majibu hayajatoka. Akajimiminia tena. Nilimwona anajisugua juu ya kitovu, akasema maharage ya jana yamemkataa.

Njia nzima ya kurudi nimeishikilia ile soda ya stendi. Huenda ni soda tu iliyovuruga kipimo. Huenda. Kichwani najua kuwa soda moja haiwezi kuifanya damu iwe maziwa. Ningemkosesha mwanafunzi aliyeandika hivyo.

Jumatatu, 18 Novemba

Naandika haraka, kabla akili haijaanza kupamba mambo.

Asubuhi Dastan alituma ujumbe kwa simu ya mkewe. Alikuwa mkali. Zamu nilimwahidi mimi, na mimi napelekwa hospitali, kwa hiyo kengele amepiga yeye. Tumbo linamsumbua na bado anasimama mstarini. Nikaufuta. Evodia alikuwa ananifunga sweta kama mtoto.

Tulikaa foleni kwenye benchi, Evodia kulia, Kokubanza kushoto. Nilikuwa natafuta njia ya kumwona daktari peke yangu. Nilikuwa nimeshapanga: nitamnong'oneza, yeye atamwita Dastan kwa sababu nyingine, na mimi nitapona ghafla. Mpango mzuri. Ulihitaji siku mbili.

Gari la shule likaingia. Wakamshusha Dastan wakiwa wamemshika makwapa. Amekunjamana, jasho linamtiririka, anatapika, Benigna nyuma yake hana hata kiatu kimoja. Maumivu yamemwanza mstarini, juu ya tumbo, yanapenya mpaka mgongoni. Niliwasikia wakisema vidonda vya tumbo. Mmoja akasema mtu mwembamba hivi ni vidonda tu, apewe dawa ya kupunguza asidi akapumzike.

Nilisimama. Nikakaa. Evodia akaniuliza kama ni tumbo. Nikasimama tena.

Ndugu msomaji, hakuna msomaji, hii ni shajara, lakini nataka mtu ajue kwamba miguu yangu ilikwenda yenyewe. Nilifika pale kitandani nikasema, "Daktari, si vidonda. Damu nyeupe ya Bukoba ni ya huyu."

Daktari hakuelewa. Nikarudia. Nikasema jina kwenye kipimo ni langu lakini mkono ulikuwa wake. Nikasema kongosho. Nikasema trigliseridi. Nilisema kila kitu, hata kuku wa kukaanga, ambaye hakuna aliyemwulizia.

Wakamtoa damu pale pale. Daktari akaishika kichupani, akatuonyesha. Sikuhitaji mwanga wa dirisha. Basi kila mtu akaanza kukimbia. Dripu, kipimo cha sukari ya damu, asile wala asinywe chochote. Daktari alimweleza Benigna kwa maneno machache: kongosho lina kimeng'enya cha kuvunja mafuta, na mafuta yakiwa mengi hivi, kinayavunja humo humo. Asidi za mafuta zinabaki huru na kuliunguza kongosho kwa ndani. Nimefundisha asidi hizo nusu ya maisha yangu. Nimezichora ubaoni kama vijiti. Leo nimemwona mtu zinamla.

Nilipogeuka, Evodia alikuwa nyuma yangu. Sijui alifika lini.

"Tangu juzi mimi ni mjane, Gozbert," alisema. "Nimelala mjane. Nimeomba kanisani mjane."

Huwa ananiita Baba Elieth.

Kokubanza alinishika mkono wa shati, akanipeleka maabara, akakaa karibu na sindano mpaka ilipotoka, akaandika jina langu mwenyewe kwenye kichupa.

Jumanne, 19 Novemba

Dastan bado yuko hatarini. Daktari amesema siku hizi mbili ndizo zitakazoamua. Nimekaa nje ya wodi tangu asubuhi. Benigna amepita mbele yangu, hajanisalimia, sijathubutu.

Nimefanya hesabu moja tu na sipendi jibu lake. Ningesema Jumamosi, angeanza dawa Jumamosi. Rubisi ya Jumapili asingeinywa.

Majibu yangu yametoka. Mafuta yameshuka. Si sana, ila yameshuka vizuri kuliko Agosti, na daktari amenipongeza kwa nidhamu. Nidhamu! Kumbe ndizi zilikuwa zinafanya kazi kimya kimya chini ya nyama ya njia panda. Ningetoa damu yangu mwenyewe Bukoba, ningefaulu.

Nikampelekea Evodia habari. Nikauliza kama sasa dada anaweza kurudi Izimbya. Akasema Kokubanza hajabaki kwa ajili ya mafuta.

Ijumaa, 22 Novemba

Ameketi! Dastan ameketi kitandani, amekunywa uji, ameuliza nani anapiga kengele.

Wamegundua na kisukari, kimemkaa bila yeye kujua. Na daktari anadhani kwao kuna kitu cha kuzaliwa nacho, baba yake mzazi alikufa kwa tumbo, mwembamba hivyo hivyo. Hakuna soda wala rubisi tena. Atakunywa dawa maisha yote. Kisha akaweka kikombe cha uji chini.

"Jumapili ulijua."

Nikasema ndiyo.

"Ukakaa kwangu, ukanifundisha ini."

Nikasema ndiyo. Nilitegemea anitukane. Akageukia ukuta. Nilikaa hapo hapo mpaka muuguzi aliponitoa.

Nje Benigna alinifuata. Nilijiandaa. Akasema amefikiri siku zote hizi, na bado hajui anichukie kiasi gani, lakini mumewe asingepimwa Bukoba, hospitali ingempa dawa ya vidonda na angekufa Jumatatu ile. Akasema asante, kisha akasema nisimwambie mtu kuwa amesema.

Nimelia kwenye migomba ya hospitali. Hilo nalo asijue mtu.

Jumatatu, 25 Novemba

Nimefikiri upya maneno ya Benigna. Yana uzito. Ukiyatazama kwa jicho la kisayansi, nani alimpeleka Dastan kupimwa? Nani alifunga safari? Bila mimi asingejua.

Nilimweleza Evodia hivyo wakati wa chakula. Kokubanza aliinuka, akachukua sahani yangu kabla sijamaliza, akaiosha.

Mkuu wa shule ameniomba nitoe mada kwa walimu wote kuhusu mafuta mwilini, kwa kuwa wengi wamepata hofu. Nimekubali. Inabidi mtu mwenye uzoefu azungumze.

Jumatano, 27 Novemba

Mada imekwenda vizuri sana. Nilichora asidi zilizoshiba na zisizoshiba kwa chaki za rangi. Nilieleza ini, gliseroli, kongosho. Nilisema wembamba si cheti cha afya. Nilisema kila mtu apimwe, tena apimwe kwa jina lake, hapo walimu waliguna na mimi nikaguna nao. Mkuu alinishukuru kwa unyoofu wangu. Baadaye jiko lilileta chai na sambusa. Zilikuwa za moto. Nilikula kwa niaba ya Dastan, ambaye hawezi tena.

Nikiwa nakula nikapata wazo. Februari napimwa tena. Evodia ana sababu zake, lakini Kokubanza mwenyewe amesema ataondoka mafuta yakishuka mara ya pili mfululizo, si vinginevyo. Ni mapema kuanza kuhangaika, lakini mwanasayansi hupitia jaribio lake hatua kwa hatua. Nimelipitia. Usafiri ulikuwa sawa. Maabara sawa. Namba ya simu, hapo nakubali, ilikuwa kosa, safari hii itakuwa yangu. Lakini njia yenyewe haikuwa na tatizo. Tatizo lilikuwa sampuli.

Ameajiriwa mhasibu mpya, Damian. Anakimbia kila asubuhi mpaka Buganguzi na kurudi. Hanywi soda. Hanywi rubisi. Ni mtu wa Mungu, anakula ndizi za kuchemsha kwa hiari yake, na amesema hadharani kuwa anazipenda. Nilimsogelea na sambusa. Akakataa. Nikamwuliza kama anaogopa sindano.

Anasema haogopi kabisa.